Kibanio cha springi za valvu huchaguliwa na hedi yenyewe

Mtu anayeamua kufungua silinda hedi ya gari lake, yaani sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu, akiwa nyumbani huwa tayari ana sehemu kubwa ya vifaa atakavyovihitaji. Spana na soketi anazo, toki renchi anaweza kuiazima kwa jirani, na pasta ya kusagia valvu huuzwa kwa bei ndogo katika maduka ya vipuri ya Gerezani jijini Dar es Salaam au ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Kinachomkwamisha ni kibanio cha springi za valvu, yaani kifaa cha kushushia springi ili valvu zitoke. Kifaa hiki hakina umbo moja linalofaa injini zote, na muuzaji aliyesimama nyuma ya kaunta mara nyingi hajui injini ya mteja wake imejengwaje juu ya pistoni, kwa hiyo humpa kile kilichobaki kwenye rafu, kikiwa ndani ya boksi lenye vipande vingi vya kung'aa. Rai yangu kwa mteja huyo ni kwamba asitoke nyumbani kwenda dukani kabla hajaipima hedi yake, kwa maana vipimo vya hedi ndivyo vinavyosema kibanio kipi kitaingia na kipi kitabaki kuwa chuma cha kuzuia mlango.

Tuangalie kwanza kazi inayotakiwa kufanywa. Valvu hushikiliwa kwenye siti yake na springi, na juu ya springi hukaa kofia yenye tundu katikati, ambamo shina la valvu hupita. Ndani ya tundu hilo, ambalo ni pana juu na jembamba chini, huingia loki mbili ndogo, kila moja ikiwa nusu ya mviringo, na ukingo wake wa ndani ukikamata mfereji uliochongwa karibu na ncha ya shina. Kadiri springi inavyoisukuma kofia kwenda juu ndivyo loki zinavyozidi kubanwa kwenye shina. Ili kuzitoa ni lazima kofia ishushwe milimita chache, kisha ishikiliwe hapo kwa utulivu hadi loki zote mbili zitoke. Katika injini nyingi ndogo za magari ya abiria, springi iliyo mahali pake husukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 15 hadi 30, nayo huongezeka kila inapozidi kubanwa. Hiyo si nguvu ya kutisha. Mtu mwenye mikono imara anaweza kuishusha kofia hiyo kwa kiganja na soketi, lakini hawezi kuishusha ikiwa imenyooka, akaituliza, na papo hapo akabaki na vidole vya kutolea vipande viwili vidogo kuliko punje ya mahindi. Kwa sababu hiyo ninapokagua kibanio siulizi kina nguvu kiasi gani. Naangalia kama kinasukuma kwa unyoofu wa shina la valvu, na kama kinaniachia nafasi ya kuzifikia loki.

Nitachukua mfano wa injini ambayo wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanayo chini ya boneti, nayo ni 1NZ-FE ya Toyota, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,497, iliyofungwa kwenye Vitz, IST, Probox na Premio nyingi zinazotembea katika barabara zetu. Ina silinda 4 na valvu 16, kamshafti mbili juu ya hedi, yaani shafti zinazozunguka zenye vinundu viitwavyo kamu, na kila kamu inasukuma valvu yake moja kwa moja kupitia tapeti iliyo kama kikombe kilichogeuzwa. Shina la valvu lina kipenyo cha milimita 5 tu. Mpangilio huu ni mzuri kwa injini, kwa kuwa una vipande vichache vinavyoweza kulegea, lakini kwa anayetaka kubana springi unaleta shida yake: kila springi imezama ndani ya shimo ambamo tapeti huteleza, na kuta za shimo hilo ni za aluminiamu iliyosawazishwa kwa uangalifu mkubwa. Kibanio lazima kishuke ndani ya shimo bila kugusa kuta, kikae juu ya kofia pande zote, na bado kiwe na uwazi wa kupitishia kibano chenye sumaku.

Kwa hedi ya namna hii iliyokwisha kutolewa kwenye injini, kibanio ninachokipendekeza ni cha fremu yenye umbo la herufi C. Upande mmoja wa fremu una mguu unaokaa katikati ya uso wa valvu ndani ya chemba ya mwako, na upande wa pili una pete inayoshuka juu ya kofia ya springi. Pete hiyo ndiyo kifaa chenyewe. Fremu ni mkono wa kuishikia. Pete inayofaa huwa ni bomba fupi lenye madirisha mawili ubavuni, lenye kipenyo cha nje kidogo kuliko shimo la tapeti, na kipenyo cha ndani kinachozipa loki nafasi ya kutoka bila kukwama. Mwenye venia, kipimio chenye taya cha kupimia vipenyo, ataingiza taya zake ndani ya shimo la tapeti, aandike kipimo, kisha apime kofia ya springi, na pete ataitafuta kati ya vipimo hivyo viwili. Akifika dukani na karatasi hiyo, boksi lenye pete kumi zilizotengenezwa kwa ajili ya injini za zamani halitamvutia tena, kwa sababu ataona mara moja kwamba hakuna hata moja inayoshuka kwenye shimo lake.

Vipimo vingine viwili vinahusu fremu. Cha kwanza ni umbali kutoka ukingo wa hedi hadi katikati ya valvu iliyo mbali zaidi, ukipimwa kwa upande ule ambao fremu itapitia. Fremu isiyo na kina cha kutosha itagota kwenye ukingo kabla mguu haujafika katikati ya valvu. Cha pili ni urefu kutoka uso wa valvu hadi juu ya kofia, ukiongeza urefu wa pete na nafasi ya kuingizia. Mnunuzi akumbuke pia kwamba valvu za injini nyingi za kamshafti mbili hazisimami wima. Zimelala kuelekea pande mbili tofauti, za kuingizia hewa upande mmoja na za kutolea moshi upande mwingine, na fremu nayo italala hivyo hivyo. Penye boliti ndefu zilizobaki kwenye hedi au ukuta wa kifuniko cha valvu ulioinuka, ulalo huo unaweza kuizuia fremu nzuri kabisa.

Halafu kuna ugumu wa fremu, na hapa ndipo vibanio vya bei ya chini vinapoanguka. Fremu ya chuma chepesi hujifungua kidogo inapobana. Ikijifungua, pete nayo huinama, kofia husukumwa upande mmoja, na loki moja hulegea huku nyingine ikizidi kukwama na kuukwaruza mfereji wa shina. Njia ya kuijaribu hata dukani ni rahisi: weka kipande cha mti mgumu kati ya mguu na pete, kaza kwa nguvu ya kawaida, kisha utazame kutoka ubavuni kama ncha mbili bado zinaelekeana. Zikiwa zimepishana, rudisha kifaa kwenye rafu. Tazama pia kama mguu umefungwa kwa kiungo kinachozunguka, ili ukae sawa juu ya uso wa valvu, na kama meno ya skrubu yamekatwa safi, maana skrubu ndiyo huisha kwanza.

Kuhusu namna ya kukaza, vipo vibanio vya skrubu tupu na vipo vyenye mkono unaopinduka na kujifunga wenyewe baada ya kupita kilele chake. Cha skrubu ni cha polepole lakini kinakupa udhibiti wa kila sehemu ya milimita. Cha mkono hufanya kazi kwa mapigo mawili, kukifunga na kukifungua, na kwa valvu 16 tofauti hiyo inaonekana wazi mchana unapokwisha. Mimi huchagua cha mkono, mradi kiwe na skrubu ya kurekebishia urefu upande wa pili, kwa sababu kisicho na marekebisho hubana springi kupita kiasi kila mara kinapofungwa. Springi iliyoshushwa kupita kiasi huwa na hatari isiyoonekana: kofia hufika chini na kuiponda sili mpya ya valvu (kipete kinachozuia oili isiteremke kwenye shina) uliyoifunga muda mfupi uliopita, nawe hutajua hadi gari litakapoanza tena kutoa moshi.

Moshi wenyewe unastahili neno, kwa sababu ndio huwafikisha watu wengi kwenye kazi hii, na si kila moshi unahitaji kibanio. Sili za valvu zikikauka na kuwa ngumu, oili huteremka kwenye shina usiku gari likiwa limelala, na asubuhi linapowashwa hutoka wingu la buluu kisha likapotea. Dalili nyingine huonekana kwenye mteremko mrefu, kwa mfano ule wa Kitonga katika barabara ya Iringa, pale dereva anapoacha injini ishike gari huku mguu wake ukiwa nje ya pedali ya mafuta: nguvu ya kufyonza upande wa kuingizia hewa huwa kubwa, oili huvutwa kupitia sili zilizochoka, na moshi hutoka akikanyaga tena mafuta chini ya mlima. Ikiwa buluu inatoka wakati wote gari linapovuta mzigo, wasiwasi wa kwanza uende kwenye ringi za pistoni, ambazo kibanio cha springi hakiwezi kuzisaidia kwa lolote.

Ambaye tatizo lake ni sili peke yake hujiuliza kama ni lazima aitoe hedi. Si lazima, lakini hapo kibanio cha umbo la C hakina kazi tena, kwa kuwa hakuna njia ya kuufikisha mguu wake chini ya valvu. Kinachotakiwa ni reli inayofungwa juu ya hedi kwa matundu ya boliti za kepu, yaani vifuniko vinavyoishikilia kamshafti, na juu ya reli hiyo wenzo unaoshusha pete ndani ya shimo. Huo ni mpango mzuri, ila unaegemea meno ya aluminiamu. Boliti za kepu katika injini nyingi za aina hii ni nyembamba, za milimita 6, na wenzo mrefu ukivutwa bila kipimo huweza kuyang'oa meno hayo, kisha kazi ya sili ikageuka kuwa kazi ya kutengeneza hedi. Reli ifungwe kwa boliti nyingi iwezekanavyo, ziingie meno yao yote, na wenzo usivutwe kwa kustukiza.

Valvu nayo lazima izuiwe isishuke ndani ya silinda wakati springi haipo. Wenye kompresa hupitisha hewa kwenye tundu la plagi kwa mpira maalumu, pistoni ikiwa juu kabisa, gia ikiwa imeingizwa na breki ya mkono ikiwa imefungwa, kwa sababu hewa hiyo inaweza kuizungusha krenki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, na kuuma vidole vya aliyeshika spana. Asiyekuwa na kompresa ana njia ambayo kwa maoni yangu ni bora zaidi nyumbani: kamba laini, safi, isiyochambuka. Pistoni huachwa chini kidogo ya kilele valvu zote za silinda hiyo zikiwa zimefungwa, kamba huingizwa kwa wingi kupitia tundu la plagi na mwisho wake hubakizwa nje, kisha krenki huzungushwa kwa mkono hadi kamba ijae na kuzisukuma valvu kutoka chini. Haitegemei umeme, haivuji, na haishtuki. Katika 1NZ-FE tundu la plagi liko katikati ya chemba na limesimama wima, kwa hiyo kamba huingia bila taabu. Hata hivyo kamshafti bado zitatakiwa kutoka, na kabla hazijatoka cheni ya taiming iwekewe alama na ishikiliwe isianguke. Mtu asiyeijua cheni hiyo vizuri nisingemshauri aanzie hapo.

Kwenye rafu zilezile utaona kifaa kingine kidogo, kama soketi ndefu yenye springi na sumaku ndani, ambacho huwekwa juu ya kofia na kugongwa kwa nyundo. Pigo moja huishusha kofia kwa ghafla, loki huruka, na sumaku huzidaka. Kwa kutolea springi kwenye hedi iliyolala juu ya benchi, na kitambaa kilichokunjwa kikiwa kimezishikilia valvu kutoka chini, kifaa hiki kinafanya kazi haraka sana na bei yake ni ndogo. Kurudishia ni jambo jingine. Watengenezaji wengi hutoa pia ncha ya kurudishia loki kwa kusukuma kwa mkono, nayo hufaulu kwenye springi laini za injini ndogo, lakini humwachia fundi mashaka kama loki zote mbili zimekaa ndani ya mfereji. Loki iliyokaa nusunusu itaachia injini ikiwa inazunguka, valvu itaingia ndani ya silinda, na pistoni itakutana nayo. Kwa hiyo nakihesabu kuwa msaidizi wa kibanio, si mbadala wake.

Mambo ni mepesi zaidi kwenye hedi za roka, yaani mikono midogo inayobembea na kusukuma valvu. Mwenye Land Rover Defender ya 300Tdi, injini yenye valvu 8 zinazosukumwa na fimbo na roka, akishatoa shafti ya roka atakuta springi zote zimesimama wazi, hazina shimo linalozizunguka, na kibanio chochote imara cha umbo la C chenye pete ya kawaida kitatosha. Hapa hata kile cha wenzo kinachoning'inia kwenye nguzo ya roka hupata mahali pake, ikiwa injini husika ina nguzo hizo. Pikipiki za bodaboda, kwa upande wao, zina hedi ndogo na springi ndogo. Fremu ya gari huwa pana mno na pete yake huifunika kofia nzima pamoja na loki. Kwa Boxer au TVS tafuta klampu ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya pikipiki, na usidanganyike na boksi linalodai kufaa kila kitu kuanzia pikipiki hadi lori.

Njia ninayoiheshimu kuliko zote, na ambayo haipewi sifa inayostahili, ni ya kutengenezesha. Klampu ya seremala iliyo nzito, kipande cha bomba la chuma, na fundi wa kuchomelea anayejua kazi yake vinatosha kumpa mtu kibanio kinachoingia kwenye hedi yake kuliko vingi vya dukani. Mafundi wa jua kali wamekuwa wakivitengeneza hivi kwa miaka mingi, na nimeona vilivyokuwa na fremu ngumu kuliko vya kiwandani. Mpelekee fundi vipimo vilivyoandikwa pamoja na kofia moja ya springi kama unayo, ili aione kwa macho. Bomba likatwe mraba kabisa, madirisha mawili yatobolewe na kusuguliwa kingo, kisha lichomelewe likiwa limenyooka na skrubu ya klampu. Likiinama hata kidogo, kasoro ileile ya fremu dhaifu itarudi. Mwambie pia asiifanye ncha ya bomba kuwa kali, kwa kuwa itaikwaruza kofia.

Kabla ya kubana springi ya kwanza, weka soketi juu ya kofia na uigonge taratibu kwa nyundo, kwa sababu loki zilizokaa miaka mingi hugandamana na kofia, na kibanio kitakachokazwa juu ya loki zilizogandamana hujipinda kwanza, kisha huachia kwa kishindo. Vaa miwani. Ziba kila tundu la kurudishia oili kwa tambara, hasa kama hedi bado iko kwenye injini, maana loki iliyodondoka humo huishia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Ndani ya shimo la tapeti zungusha ukanda uliokatwa kwenye chupa ya plastiki ya maji ya kunywa. Unakaa vizuri, haugharimu kitu, na unaikinga aluminiamu dhidi ya pete. Kila valvu, springi yake na tapeti yake vipangwe kwa namba kwenye kadibodi iliyotobolewa, kwa kuwa 1NZ-FE haina shimu, yaani visahani vyembamba vya kurekebishia: nafasi kati ya kamu na tapeti hurekebishwa kwa kubadilisha tapeti nzima, na tapeti zikichanganyika vipimo vyote 16 vitaanza upya. Nafasi hizo, injini ikiwa baridi, ni milimita 0.15 hadi 0.25 kwa valvu za kuingizia na milimita 0.25 hadi 0.35 kwa za kutolea moshi.

Wakati wa kurudishia, grisi kidogo kwenye mfereji wa shina huzishika loki zisianguke huku ukiachia kibanio polepole. Zikishakaa, ondoa kibanio na ugonge ncha ya shina kwa nyundo ya plastiki mara chache. Loki isiyokaa vizuri itajionyesha hapo, juu ya benchi. Kisha laza hedi chemba zikiwa juu na plagi zikiwa zimefungwa, ujaze kila chemba mafuta ya taa, na utazame ndani ya matundu ya kuingizia na ya kutolea kwa tochi. Pasipokuwa na unyevu baada ya muda mrefu, valvu zimekaa.

Kwa mwenye gari moja ambaye hatarajii kuifungua hedi tena, kuazima kwa fundi wa karibu ni uamuzi mzuri kabisa, ila aende na kipimo cha shimo la tapeti mfukoni na aijaribu pete kabla ya kuondoka nayo. Kwa anayelea magari mawili au matatu ya familia yenye injini za namna moja, ningempa ushauri wa kununua au kutengenezesha fremu moja ya umbo la C iliyo ngumu, na pesa inayobaki aiweke kwenye pete mbili zenye vipimo sahihi.